Mahame Yetu Yana Wenyewe



Ukitoka Mbalizi ukashika barabara ya kwenda Ilembo, milima ya Umalila ikishaanza kukupandisha, utaziona nyumba tupu zilizoachwa na wenyewe, ndiyo mahame. Kuta za matofali ya kuchoma, bati lililoshika kutu, dirisha lililozibwa kwa mbao, mlango umefungwa kwa mnyororo. Uani kuna mparachichi mkongwe ambao bado unazaa, na nyuma kidogo makaburi mawili matatu yaliyofunikwa na majani. Ukisafiri hadi Mufindi au Njombe, utalitambua hame kwa mianzi ya ulanzi iliyobaki imesimama mahali ambapo hakuna tena wa kuigema.

Nani asiyependa kusimama azitazame? Vijana wetu husimamisha bodaboda, wakatoa simu, wakapiga picha. Mimi hufurahi nikiwaona. Kijana anayevutwa na nyumba kuukuu ana jambo anataka kulijua, hata kama bado hajui alianzie wapi kuliuliza.

Basi leo nawaomba tumsaidie kuuliza. Nyumba hii ni ya nani? Nani alizaliwa humu? Watoto wake wako wapi, na je, wanajua kwamba ni watoto wa hapa?

Sisi wenyewe wa Mbalizi ni jamaa wa mahame. Mji wetu umejazwa na watu walioteremka: kutoka Umalila, Ileje, Mbozi, na vijiji vya Usafwa vilivyo juu yetu. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilipojengwa vizuri, na reli ya TAZARA ikakamilika katikati ya miaka ya 1970, watu walifuata njia. Nani angewakataza? Sokoni kuna riziki, shule iko karibu, hospitali ya Ifisi iko karibu. Uliza akina mama wanaouza viazi pale sokoni, wengi watakuonyesha kwa kidole mlima ambako baba yao alijenga.

Kuhama kwenyewe hakuna aibu yoyote. Hapa Utengule, mtemi Merere na Wasangu wake waliwahi kuishi kwa sababu Wahehe waliwabana huko kwao, na nguvu za Wahehe zilipovunjwa na Wajerumani walirudi Usangu. Wamisionari wa Moravian walifika Utengule mwaka 1895, wakati hayo yote yakiendelea. Nchi hii ya Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya watu waliokuwa wakihama, wakirudi, wakioana njiani. Ninachokihofia ni kusahaulika kwa watu. Nyumba ikianguka, fundi anaweza kujenga nyingine. Jina la bibi likipotea, fundi gani atalijenga?

Tukumbushane kwa nini nyumba nyingi zilibaki tupu, maana sababu haikuwa moja.

Wapo waliokwenda kufanya kazi. Kutoka Ubena, Ukinga na Uhehe, wanaume walipelekwa kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, ambayo wazee wengi wa Njombe wanalijua jina lake hadi leo. Kutoka huku kwetu, Wanyakyusa na Wandali walivuka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Zambia, na wengine waliandikishwa na Wenela, wakala wa wenye migodi, kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Baada ya uhuru serikali yetu ilizuia uandikishaji huo. Wengi walirudi na cherehani na mablanketi. Wengine walioa huko, wakazeeka huko, wakazikwa huko.

Je, wajukuu wao wako wapi? Wako Muheza, wako Korogwe, wako Kitwe. Wana majina ya ukoo ya huku na hawajui mlima wa kwao unaitwaje.

Wapo waliohamishwa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wamekusanyika. Ndiyo Operesheni Vijiji. Kuna familia zilizobeba milango na nguzo zao, na kuna zilizoacha kila kitu. Yako mengi mema yaliyopatikana katika vijiji vile, shule na zahanati na maji, nasi tunaona matunda yake. Lakini makaburi yalibaki kulekule juu, na kila mwaka waliokuwa wakienda kuyapalilia walipungua.

Na wapo waliokufa. Hili naomba tuliseme kwa upole, lakini tuliseme. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa mizito sana kwetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011/12 ulionyesha kwamba Njombe asilimia 14.8 ya watu wazima walikuwa na maambukizi ya virusi vya UKIMWI, Iringa asilimia 9.1 na Mbeya asilimia 9.0, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5.1. Na hapo dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimekwisha kuwafikia wengi. Kabla ya mwaka 2004, ambapo dawa hizo zilianza kutolewa bure, ni nyumba ngapi zilifungwa baba na mama wakifuatana ndani ya mwaka mmoja?

Watoto waligawanywa. Mmoja kwa mama mdogo Makambako, mmoja kwa shangazi Mbalizi, mmoja akachukuliwa na mtu mwema Dar es Salaam. Leo ni watu wazima. Wapo wanaoogopa kurudi kuitazama nyumba ile kwa sababu waliondoka humo wakilia. Wapo ambao hawakuwahi kuelezwa wazazi wao walikufa kwa nini, na kimya hicho ndicho kilichofunga mlango kuliko mnyororo wenyewe.

Ndugu yangu uliyewalea watoto hao, Mungu akulipe. Ulifanya kazi kubwa ambayo hakuna aliyekuandikia cheti. Nakuomba umalizie sehemu iliyobaki: waambie walikotoka. Wapeleke wakaone. Waambie baba yao alikuwa fundi, au alikuwa na sauti nzuri kanisani, au alikuwa mchapakazi wa pareto ambaye hakuna aliyemfikia. Mtoto anahitaji kujua kwamba wazazi wake waliishi, maana kufa kwao amekwisha kujua.

Sasa tuseme juu ya nyumba zenyewe, maana zinaanguka.

Nyumba ya udongo na ya matofali ilizoea kukaa na watu. Moshi wa jikoni ulifukuza wadudu kwenye paa na nguzo. Mama alikandika ukuta kila kiangazi. Baba alirudisha bati lililoinuliwa na upepo. Watu wakiondoka, mvua za Novemba hadi Aprili hupata tundu moja juu, mchwa wakapanda kwenye mbao, kisha udongo unaoshikamanisha matofali ukaanza kuoshwa. Miaka michache tu inatosha. Ndiyo maana jambo jema kuliko yote unaloweza kuifanyia nyumba tupu ni kumweka mtu ndani yake.

Na watu wapo! Mwalimu aliyepangiwa kazi milimani anatafuta chumba. Muuguzi wa zahanati anatafuta chumba. Kama nyumba ya marehemu babu yenu ina vyumba vitatu na kuta nzima, kwa nini ukoo usikae ukakubaliana kumpa mwalimu aishi humo, atengeneze paa kwa kodi ya miezi ya mwanzo? Andikeni makubaliano, mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie, kila mtu ajue kwamba mwalimu ni mpangaji na nyumba ni ya ukoo. Watoto wa kijiji watapata mwalimu asiyeondoka, nanyi mtapata taa inayowaka katika nyumba ya babu.

Ninyi mnaopita jirani na nyumba hizi, nawaomba mambo mawili. Tofali na bati la nyumba iliyofungwa lina mwenyewe, hata kama humwoni. Ukilihitaji, muulize mwenyekiti, naye atajua pa kupiga simu. Mara nyingi wenye nyumba watakupa kwa furaha.

La pili ni hili la kuchimba. Katika sehemu nyingi za nchi yetu watu wamechimbua sakafu za majengo ya zamani, na hata makaburi, kwa sababu mtu fulani aliwaambia Wajerumani walificha rupia au dhahabu. Vijana wangu, nawapenda na najua maisha yanabana. Anayewauzia ramani hizo, kwa nini hachimbi yeye mwenyewe? Nguvu hizo zinatosha kulima nusu ekari ya viazi, na viazi vya Umalila vina soko la uhakika hadi Dar es Salaam.

Labda utasema, serikali itunze majengo ya kale. Serikali ina sehemu yake. Pale Iringa mjini jengo la Boma, lililojengwa na Wajerumani, limekuwa makumbusho tangu mwaka 2016, na watoto wa shule wanaingia wakajifunza. Kalenga kuna makumbusho ya Mkwawa, ambako fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 baada ya kukaa Ujerumani zaidi ya nusu karne. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayaangalia hasa majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Nyumba ya babu yako aliyeijenga mwaka 1958 kwa fedha za machimboni haimo. Kama wewe hutaiangalia, ni nani mwingine aliyepewa kazi hiyo?

Hatuko peke yetu katika jambo hili. Japani, nchi tajiri, ilihesabu nyumba tupu zipatazo milioni 9 mwaka 2023, kwa sababu wazee wamefariki na watoto wako mijini. Wenzetu wale wana fedha, na bado wanahangaika kuwatafuta warithi walioandikwa kwenye karatasi za zamani. Sisi tuna bahati ambayo inapita upesi: wazee wanaokumbuka bado tunao.

Tazama pia jambo hili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ifunda na Kidugala palikuwa na kambi za wakimbizi kutoka Poland, watu waliofika huku baada ya mateso makubwa. Vita ilipokwisha waliondoka. Huko Tengeru, Arusha, ambako nako walikuwa na kambi, makaburi ya jamaa zao yanatunzwa hadi leo na majina yao yanasomeka. Watu wa mbali hivyo wanakumbuka wafu wao waliolala katika ardhi yetu. Sisi makaburi yetu yako mwendo wa saa mbili kwa gari.

Liko na jambo la ardhi, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri kwa sababu linawahusu watoto wenu.

Mashamba ya milimani yaliyokuwa hayana bei sasa yana bei. Maparachichi yameinua thamani ya ardhi Rungwe na Njombe, miti ya mbao imeinua ya Mufindi, na wanunuzi wanapanda hadi huku. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaeleza kwamba ardhi ya kimila isiyokaliwa wala kutumiwa kwa miaka isiyopungua mitano inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa, na halmashauri ya kijiji ikaanza utaratibu wa kuitoa, baada ya kutangaza. Sheria hiyo ina nia njema, ardhi isilale bure wakati wenzetu hawana pa kulima. Lakini tangazo likibandikwa kwenye ofisi ya kijiji na wewe uko Kariakoo, utalisoma lini?

Kwa hiyo usisubiri ugomvi. Nenda kijijini, jitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji. Sema, mimi ni mtoto wa fulani, shamba letu linaanzia pale na kuishia pale, fulani ndiye anayelitunza. Kama mirathi haijafunguliwa, kaeni kikao cha ukoo, mteue msimamizi, mwende mahakama ya mwanzo. Kisha ombeni hati miliki ya kimila. Kazi yote hiyo ni rahisi sana wakati jirani mliyepakana naye bado yu hai na anaikumbuka mipaka.

Na mkikaa kikao hicho, msiwasahau dada zenu. Sheria hiyohiyo ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Kumbukeni pia yule mtoto yatima aliyelelewa Dar es Salaam, na wale wajukuu wa manamba walio Muheza. Mtu akirudi nyumbani baada ya miaka mingi, mara nyingi hataki shamba. Anataka kuambiwa, karibu, tulikuwa tunakungoja.

Wachungaji, mapadre na mashehe wetu, ninyi mna hazina. Vitabu vya ubatizo na vya ndoa katika misheni za zamani, Utengule, Rungwe, Tosamaganga na kwingineko, vina majina ya watu ambao hawakuandikwa mahali pengine popote. Mkitenga saa chache kwa mwezi, mzee mmoja mwenye kusoma vizuri akawasaidia watu wanaotafuta jina la babu, mtakuwa mmerudisha watu wengi nyumbani. Misikitini nako, wazee wanaojua nani alimzika nani wasiachwe wakae kimya.

Walimu, mnaweza kuwapa wanafunzi wa darasa la sita kazi moja tu: kila mtoto aende kwenye nyumba kongwe iliyo karibu na kwao, aulize wakubwa watatu ni ya nani, aandike ukurasa mmoja. Mtashangaa watakavyoandika vizuri, na babu zao watakavyopenda kuulizwa. Mwaka 2022 nchi yetu ilihesabu watu, na kwa mara ya kwanza ikahesabu na majengo. Namba tunazo. Habari za waliokaa ndani ya majengo hayo zitaandikwa na watoto hawa.

Nawe dereva wa Hiace unayepanda Umalila kila siku, wewe unawajua watu kuliko ofisi yoyote. Mgeni akikuuliza, "Hivi nyumba ya mzee fulani ilikuwa wapi?", simama umwonyeshe, umtafutie na mzee wa kuzungumza naye.

Wenzetu mlio mbali, Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi, Muscat, London, najua nauli ni ghali na likizo ni fupi. Wengi mnatuma fedha za msiba, za harusi na za ada bila kuchoka. Hebu safari moja tuma na swali. Mpigie shangazi simu, mwambie, shangazi, leo siombi chochote na wewe usiniombe chochote, nitajie tu majina ya ndugu zako wote kwa kufuatana. Bonyeza kitufe cha kurekodi. Nusu saa inatosha kwa siku ya kwanza.

Ni vizuri pia tutazame jirani na hizo nyumba zilizofungwa. Mara nyingi, hatua chache kutoka hapo, yupo bibi mmoja aliyebaki. Nyumba yake haijafungwa, lakini nayo inaelekea huko. Je, nani humletea kuni? Nani humsomea ujumbe wa simu? Huyo ndiye anayejua kila kaburi ni la nani. Mpelekee sukari na sabuni, kaa naye, usiwe na haraka. Kwanza umtunze kwa sababu ni mama yetu. Hayo mengine atayasema mwenyewe akiona umekaa.

Desemba mabasi yatajaa kama kawaida, na watu watapanda kwenda kwao kwa Krismasi na mwaka mpya. Naomba kila ukoo utenge siku moja, kabla ya sherehe au baada yake. Asubuhi, wenye nguvu wachukue majembe na mafyekeo wakasafishe makaburi na uani. Bati lililoinuka lipigiliwe. Mchana, aliye mkubwa kuliko wote akae kivulini na daftari lifunguliwe.

Andikeni jina la aliyejenga nyumba, alitoka wapi, mwaka gani ikiwa unajulikana. Andikeni wake zake na watoto wote, waliokufa wakiwa wachanga wakiwemo. Andikeni waliohama na walikoelekea: Tanga, Kitwe, Johannesburg, Chunya. Andikeni mipaka ya shamba na majirani wa pande zote nne. Mkifika kwenye jina ambalo hakuna anayejua aliishia wapi, acheni mistari mitatu wazi, maana huenda mwakani akatokea mtu anayejua.

Daftari hilo nakilini mara tatu. Nakala moja ibaki kijijini kwa anayeitunza nyumba, nyingine ikae kwa msimamizi wa mirathi, na ya tatu ishuke Mbalizi, kwa yule ndugu yenu ambaye kila anayekuja kutoka mbali hufikia kwake kwanza.